Bukoba hadi Kampala kwa mara ya kwanza: makaratasi, muhuri na njia

Wiki sita kabla

Safari ya Kampala huanzia ofisi ya Uhamiaji. Aliyeianzia stendi ndiye unayemkuta mpakani Mutukula amekalia begi lake, anapiga simu nyumbani watafute bahasha ya vyeti kabatini.

Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hilo linajulikana, ila wengi wanalipeleka mbali kuliko lilivyo, wakadhani kadi ya NIDA itawavusha. Kitambulisho cha taifa kinamtosha Mkenya na Mnyarwanda, kwa sababu Uganda, Kenya na Rwanda zilikubaliana hivyo na utaratibu ukaanza mwaka 2014. Tanzania haimo katika mpango huo. Kadi yako utaihitaji kuombea pasipoti, lakini dirishani mpakani haikuvushi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni pasipoti ya kawaida, ambayo kwa Tanzania ni shilingi 150,000 jumla pamoja na fomu. Maombi hujazwa mtandaoni, unapewa kumbukumbu namba, unalipia benki au kwa simu, kisha unapeleka fomu na viambatisho ofisini kwa Uhamiaji wenyewe, ambako huchukuliwa alama za vidole. Viambatisho ndivyo vinavyokwamisha watu: cheti chako cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa mzazi, kitambulisho cha taifa na picha. Kosa linalorudisha watu mara nyingi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, NIDA inasema Mohamed, cheti cha shule kimeongeza jina la babu. Weka hati zote mezani siku moja, zisome herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti nenda kwa wakili ukaapie majina kabla ya kugusa fomu. Ukigundua tofauti baada ya kulipia, foleni unaianza upya.

Ya pili ni hati ya dharura ya kusafiria, ambayo ofisi za Uhamiaji za mikoa na wilaya huitoa haraka. Kwa mtu anayekwenda kumzika ndugu Masaka kesho asubuhi, ndiyo sahihi. Kwa anayepanga safari wiki sita mapema, pasipoti ina faida zaidi, kwa sababu ukishavuka utaulizwa hati hiyo tena na tena na watu ambao si maafisa wa Uhamiaji: wakala wa laini za simu, mhudumu wa benki, mpokezi wa hoteli. Pasipoti wote wanaifahamu. Hati ya dharura baadhi yao huigeuzageuza kama hundi ya zamani.

Kama pasipoti unayo tayari, ifungue ukurasa wa picha. Iwe na miezi sita ya uhai kuanzia siku unayovuka, na kurasa mbili tupu. Mtoto naye awe na hati yake. Kubebwa mgongoni si hati. Akisafiri na mzazi mmoja au shangazi, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, yenye namba yake ya simu inayopatikana. Afisa akiwa na shaka na mtoto atapiga namba hiyo, na isipopokelewa mtakaa benchi.

Ukiongozana na mgeni mwenye pasipoti ya nje ya Jumuiya, hesabu ni nyingine. Yeye huomba viza ya Uganda mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali visas.immigration.go.ug. Viza ya utalii ya kuingia mara moja ni dola 50. Anapakia ukurasa wa pasipoti, picha na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kisha anachapisha barua ya idhini na kuibeba. Tovuti zinazofanana na hiyo ni nyingi, na huongeza ada yao juu kwa kazi ileile. Viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, ya dola 100 na siku 90, inawavutia wengi kwa jina lake, lakini inahusu Uganda, Kenya na Rwanda tu. Tanzania haimo. Mgeni aliyeinunua akidhani atatoka Kampala kuja Bukoba kisha arudi Kampala kwa viza hiyohiyo atakuwa ametoka nje ya eneo lake, na viza imekwisha hapo. Asome hilo kabla ya kulipa.

Wiki tatu kabla

Chanjo ya homa ya manjano. Uganda huitaka kwa kila anayeingia mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea. Tanzania nayo huitaka kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na Uganda ni mojawapo. Kwa hiyo hata ukibahatika kupita bila kuulizwa wakati wa kwenda, unaweza kukwama wakati wa kurudi, nchini kwako mwenyewe.

Sindano ni moja na kinga yake hudumu maisha yote. Tangu Julai 2016 cheti chake nacho ni cha maisha, hata kama kijitabu cha zamani kimeandikwa miaka kumi. Akitokea mtu kukwambia kimeisha muda kwa sababu ulichanjwa mwaka 2012, mweleze hivyo kwa upole. Kanuni za afya za kimataifa ziko upande wako.

Ila cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Anayechanjwa Jumanne ili asafiri Alhamisi ana kijitabu kisichohesabika. Hapo ndipo panapozaliwa biashara ya kadi za njano zinazouzwa bila sindano. Usiinunue. Kadi halali ina jina lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, namba ya toleo la chanjo, sahihi ya mtoaji na muhuri wa kituo kilichoidhinishwa. Afisa wa afya aliyekaa mpakani miaka mingi huitambua ya bandia kabla hujaifungua, na unaweza kurudishwa.

Mjamzito, mwenye kinga dhaifu, mwenye mzio mkali wa mayai na mzee wa miaka 60 na zaidi aonane na daktari kwanza. Daktari akiona chanjo haifai, huandika cheti cha msamaha, nacho hubebwa kama kadi yenyewe. Kama unahitaji pia chanjo nyingine hai, kama ya surua, zipigwe siku moja au zipishane wiki nne.

Uganda ina malaria mwaka mzima, kama Kagera. Aliyekulia Bukoba asijione ana kinga kwa sababu ya ukaaji, maana safari ina usiku wa stendi na vyumba vya gesti visivyo na chandarua. Chandarua chepesi cha kukunja kinaingia kwenye begi. Na kama kuna mlipuko wa Ebola, kama ule wa Septemba 2022 ulioanzia Mubende au ule wa Kampala uliotangazwa mwishoni mwa Januari 2025, tegemea kupimwa joto na maswali ya ziada mpakani. Fuatilia taarifa za Wizara ya Afya wiki ya safari. Ukiwa na homa siku ya kusafiri, ahirisha.

Jumatano, siku ya mwisho nyumbani

Mizigo kwanza, kwa sababu kuna nguo moja ya kutoa. Nchini Uganda ni kosa la jinai kwa raia kuvaa au kumiliki mavazi yanayofanana na ya jeshi. Suruali ya mabakamabaka ya mtumba, kofia ya kombati, hata begi la mgongoni la rangi hiyo, viache nyumbani. Vijana ndio wanaokamatwa navyo, na maelezo kwamba ni fasheni hayasaidii.

Piga picha kwa simu ukurasa wa pasipoti na kadi ya chanjo, utume kwa mtu wa nyumbani na kwenye barua pepe yako. Beba na nakala mbili za karatasi, moja ndani ya begi kubwa, moja mfukoni. Dawa unazotumia zibaki kwenye pakiti zake na cheti cha daktari. Chaja ya simu haina shida, soketi za Uganda ni zile zile za miguu mitatu ya bapa.

Pesa: usibadilishe zote mpakani na usiende mikono mitupu. Chukua dola chache kama akiba, noti safi zisizochanika na zisizoandikwa, za miaka ya karibuni. Maduka ya Kampala hukataa noti kuukuu, na noti ya dola 100 au 50 hupata kiwango bora kuliko za 5 na 10. Anayebeba dola 10,000 au zaidi taslimu azitamke kwa forodha. Asipotamka zinaweza kushikiliwa.

Andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu: jina la mwenyeji, mtaa, namba yake ya Uganda inayoanza na +256, na alama ya karibu kama shule, kanisa au kituo cha mafuta. Kampala watu huelekezana kwa alama kuliko kwa namba za nyumba, na simu huzimika chaji wakati usiofaa.

Tiketi nunua ofisini kwa kampuni, si kwa mpiga debe. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, maana orodha ya abiria hutumika mpakani. Saa za nchi mbili ni zilezile. Saa ya tiketi huandikwa kwa mtindo wa 07:00, yaani saa moja asubuhi. Kuna wanaofika saa saba mchana na kulikuta basi limeshavuka.

Neno moja kuhusu tarehe. Wiki ya mwisho ya Mei hadi Juni 3 mahujaji hufurika Namugongo kwa Siku ya Mashahidi wa Uganda, wengi wakitoka Tanzania na Kenya, wengine kwa miguu. Mpakani foleni hurefuka na vyumba Kampala hupanda bei. Kama hijja si lengo lako, sogeza safari mbele kwa wiki moja.

Alhamisi asubuhi, Mutukula

Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80 za lami, kupitia Kyaka na daraja la mto Kagera. Ondoka mapema, uvuke mchana. Usiku kila kitu kinachoweza kwenda vibaya ni kigumu kurekebisha, na mtu wa kumuuliza ni yule unayemwogopa.

Kabla basi halijasimama vizuri, watakuja. Wabadilisha fedha wenye mabunda, wabeba mizigo, na vijana wanaojitolea "kukusaidia kugonga muhuri". Huyo wa mwisho mkatae kwa adabu na uendelee kutembea. Kugonga muhuri ni bure, na pasipoti haitoki mkononi mwako isipokuwa kwa mtu aliyekaa nyuma ya dirisha.

Mutukula ni kituo cha huduma kwa pamoja. Maana yake ni kwamba anayetoka Tanzania hapiti jengo la Tanzania kisha la Uganda. Anakwenda moja kwa moja kwenye jengo la nchi anayoingia, na humo ndani amekaa afisa wa Tanzania na wa Uganda. Mgeni wa mara ya kwanza huliona jengo la upande wetu, akashuka, akazunguka milango akitafuta pa kupanga foleni. Fuata abiria wa basi lako.

Mpangilio wa ndani uko hivi. Meza ya afya: kadi ya njano, mara nyingine kipima joto. Dirisha la Uhamiaji wa Tanzania: muhuri wa kutoka. Dirisha la Uhamiaji wa Uganda: maswali, pengine picha na alama za vidole, muhuri wa kuingia. Kisha forodha na mizigo.

Maswali ni mafupi na majibu yawe mafupi. Unakwenda wapi? Kampala, mtaa fulani. Kwa nani? Dada yangu, huyu namba yake. Siku ngapi? Tano. Kufanya nini? Kutembea. Hapo kwenye "kufanya nini" ndipo watu hujitia matatani kwa kujibu "kazi" wakimaanisha shughuli. Afisa akisikia kazi anauliza kibali cha kazi. Kama ni mkutano au semina, sema mkutano na utoe barua ya mwaliko. Kama unakwenda kununua bidhaa, sema biashara. Anayekwenda kweli kuajiriwa awe na kibali kabla. Kuingia kama mtalii ili utafute kazi ni kosa litakalokukuta baadaye.

Sasa shika pasipoti yako na usiondoke dirishani. Fungua ukurasa uliogongwa. Lazima kuwe na mihuri miwili ya leo: wa Tanzania wa kutoka, wa Uganda wa kuingia. Ule wa Uganda una jina la kituo, tarehe, na idadi ya siku. Idadi hiyo mara nyingi huandikwa kwa kalamu, na saba iliyoandikwa haraka hufanana na moja. Chini ya kanuni za Jumuiya raia wa nchi mwanachama anaweza kupewa hadi miezi sita, lakini unachoruhusiwa ni kilichoandikwa hapo, si kanuni uliyoisoma mahali. Umeomba mwezi na pameandikwa siku saba? Sema hapohapo, kwa heshima: "Samahani afisa, naomba uniangalizie siku." Akiwa amekosea atarekebisha kwa dakika moja. Ukirudi kesho kutwa kutoka Kampala, hakuna wa kukumbuka sura yako.

Kosa baya zaidi la Mutukula ni la kupita bila muhuri. Mpaka una shughuli nyingi, wakazi wa pande zote mbili huvuka kwenda sokoni, na mtu mwenye begi dogo anaweza kutembea hadi upande wa pili bila kusimamishwa. Anapanda basi akifurahi. Siku ya kutoka, afisa anatafuta muhuri wa kuingia na hauoni, na kisheria mtu huyo ameishi Uganda bila ruhusa. Ukijikuta upande wa pili bila muhuri, rudi. Mwambie kondakta akusubiri. Akikataa, heri ulipie basi lingine.

Forodha haina neno kwa nguo na vitu vya matumizi yako. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, aulize utaratibu rahisi wa biashara, ambamo hupewa cheti cha uasili wa bidhaa hapohapo mpakani. Wengi hulipa wapenyezaji wa njia za panya pesa nyingi kuliko ambazo wangetumia dirishani. Mwenye gari binafsi awe na kadi ya gari, barua ya mwenye gari kama si lake, na bima ya COMESA inayoitwa pia kadi ya njano. Asiichanganye na ya chanjo akadhani moja inatosha.

Kisha fedha. Shilingi ya Tanzania kwa miaka ya karibuni imekuwa ikipata zaidi ya shilingi moja ya Uganda, kwa hiyo ukipokea shilingi chache kuliko ulizotoa, simama uhesabu. Uliza kiwango katika duka rasmi kwanza. Piga hesabu kwa simu yako, usikubali kikokotoo chake. Pokea na uhesabu noti zote kabla ya kutoa zako, na zikishahesabiwa zisirudi mkononi mwake hata kwa "ngoja nikuongezee". Hapo ndipo noti mbili za 50,000 hugeuka moja. Badilisha za chakula na nauli ya siku ya kwanza tu.

Alhamisi mchana, barabara ya Masaka

Mutukula hadi Masaka ni kama kilomita 90, Masaka hadi Kampala kama 130. Kwenye ramani ni karibu. Njiani kuna vizuizi vya polisi, na pasipoti inaweza kuombwa ndani ya basi, kwa hiyo iwe mwilini, isiwe kwenye begi lililo buti. Mvua kubwa, hasa Machi hadi Mei, huongeza saa. Mei 2023 maji yalikata barabara eneo la Katonga na magari yakazungushwa kupitia Sembabule, na aliyekuwa na ndege ya jioni Entebbe aliikosa. Kama unaunganisha na ndege, lala Kampala usiku mmoja kabla.

Lukaya wachuuzi hukimbilia madirisha na nyama ya kuchoma na ndizi za gonja. Ni tamu, na hela ndogo ulizobadilisha zinafaa hapa. Mbele kidogo, Kayabwe, ndipo Ikweta inapokata barabara. Mabasi ya abiria hayasimami kwa picha, ni kwa wenye gari lao.

Kuingia Kampala ndiko kunakochosha. Kutoka Busega hadi katikati ya jiji, jioni, unaweza kutumia muda uliotosha kutoka Masaka hadi Mpigi. Mwenyeji wako akikaa magharibi ya jiji, mwombe akupokee Busega au Nateete, usiende hadi stendi kisha urudi njia ileile.

Ijumaa, Kampala

Laini ya simu kwanza. Mgeni husajiliwa kwenye maduka ya huduma ya kampuni yenyewe, MTN au Airtel, kwa pasipoti na ukurasa wenye muhuri wa kuingia. Aliyepita bila muhuri hugundua hapa. Usinunue laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ikitumiwa katika uhalifu kabla yako, unaulizwa wewe, na pesa zako zilizomo ni za mwenye jina. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, kwa hiyo mwasiliane na mwenyeji kwa WhatsApp au kwa simu ya kawaida, msitegemee Messenger.

Fedha zilizobaki badilisha katika maduka ya katikati ya jiji. Pita mawili au matatu ulinganishe. Mashine za benki hutoa noti za 50,000, na dereva wa bodaboda hana chenji yake asubuhi. Ivunje dukani kwanza.

Basi dogo la abiria 14, jeupe lenye mkanda wa bluu, huitwa taksi. Ukitaka gari la peke yako, omba speshoo. Nauli ya taksi hupanda mvua ikinyesha na jioni, na si wizi, ndivyo ilivyo kwa wote. Bodaboda mpatane bei kabla ya kupanda, au tumia programu ya simu inayoonyesha bei, na vaa kofia ngumu. Simu usiishike mkononi ukiwa juu ya pikipiki kwenye foleni. Huporwa na anayepita kwa pikipiki nyingine.

Kiswahili utakisikia kwa askari, madereva wa masafa na wafanyabiashara, lakini mjini lugha inayotawala ni Luganda. Anza na salamu, mwite mwanamume ssebo na mwanamke nnyabo, kisha uliza unachotaka. Anayerukia swali bila salamu huelekezwa kwa kidevu.

Anayetaka kuwaona sokwe wa milimani Bwindi au Mgahinga aelekee ofisi za Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, Barabara ya Kiira, jirani na Jumba la Makumbusho. Tangu Julai 2024 kibali kwa mgeni wa mbali ni dola 800, na kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni shilingi za Uganda 300,000. Tofauti hiyo hulindwa kwa pasipoti, basi ibebe yenyewe, si nakala. Umri wa chini ni miaka 15, kundi halizidi watu wanane, na muda mkishawakuta ni saa moja. Vibali huisha miezi ya Juni hadi Septemba, na huwezi kuitengeneza safari ya Bwindi ndani ya wikiendi hii. Iwe mpango wa safari nyingine.

Ukipoteza pasipoti: polisi ya karibu kwa ripoti ya upotevu, kisha Ubalozi wa Tanzania ulioko Nakasero, ukiwa na ripoti, picha na ile nakala uliyojitumia Jumatano. Mwenye nakala hushughulikiwa mapema zaidi, kwa sababu namba ya pasipoti inajulikana. Dharura za polisi ni 999 au 112.

Jumamosi, Entebbe

Kilomita kama 40 kutoka Kampala. Barabara ya haraka hulipiwa tangu Januari 2022, gari dogo shilingi za Uganda 5,000. Ya zamani ni bure na ina foleni. Bustani ya wanyama hutoza raia wa Afrika Mashariki bei yao, ukionyesha hati. Ziwani usiogelee ufukweni penye majani, kichocho kipo, kama kilivyo upande wetu wa ziwa hilohilo.

Jumapili, Jinja

Kilomita 80 kutoka Kampala. Daraja jipya la Nile, la nyaya na urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018 na linalindwa na askari. Usilipige picha wala usimwambie dereva asimame juu yake. Hali kadhalika bwawa la Nalubaale. Picha piga pale mto unapotoka ziwani, ambako unalipa kiingilio na hakuna atakayekuuliza.

Jinja ndipo pa kuamua kama unarudi ulikotoka au unaendelea Kenya kupitia Busia. Mwenye pasipoti anaweza kuendelea bila viza. Mwenye hati ya dharura asome imeandikwa nchi gani kabla ya kupanda gari la Busia.

Jumatatu, kurudi

Toa pesa zote kwenye laini ya Uganda kabla ya kuvuka, maana upande wa pili wakala hana namna ya kukutolea. Sarafu hazibadilishwi mpakani. Zimalizie maji na gonja Lukaya.

Mutukula mpangilio ni uleule kwa upande mwingine: safari hii unaingia jengo la Tanzania, na afisa wa Uganda yumo humo. Anahesabu siku kutoka kwenye muhuri wa Alhamisi. Umezidisha, faini huhesabiwa kwa kila siku iliyozidi, na hulipwa kwa risiti. Bila risiti usilipe. Kadi ya njano itolewe tena. Na mifuko ya plastiki, ile myepesi ambayo maduka ya Kampala bado huitoa, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Hamishia vitu vyako kwenye begi la kitambaa ukiwa bado ndani ya basi, kabla ya kufika forodha, kwa sababu mezani kwao mfuko hubaki na nyanya hubebwa mikononi.